Vigelegele Vilivyochelewa Riruta

Wako wanawake wanaoamini mpaka leo kwamba mimi sikumzaa mtoto wangu wa kwanza. Wanasema nilikwenda hospitali, nikalala usingizi mzuri, nikaamshwa na kukabidhiwa mtoto aliyekwisha kuoshwa, kama mtu anayekwenda posta kuchukua kifurushi. Wanawake hao siwatakii mabaya. Nawatakia tu wapasuliwe tumbo leo, na kesho asubuhi washikwe na kikohozi.

Mimi si mtu wa kujisifu bila sababu. Sababu ninazo. Nilianza kazi nikiwa yaya katika nyumba moja ya Wazungu kule Kileleshwa, sina kiatu wala shati la pili. Wenye nyumba walipohamia kwao Uingereza walinichukua, maana mtoto wao alikuwa hakubali kulala ila mgongoni mwangu. Huko mchana nilisukuma kigari cha mtoto kwenye mvua, na jioni nilikwenda shule ya watu wazima, nikakaa miongoni mwa wasichana waliodhani Kenya ni jina la mnyama. Nilirudi na diploma ya mambo ya nyumbani na malezi ya watoto, yenye muhuri mwekundu mkubwa kama kitumbua. Hakuna mjomba, kanisa wala serikali iliyonilipia karo.

Basi nikapewa kazi ya kufundisha katika vikundi vya akina mama, kuanzia Dagoretti hadi Kabete. Nilisimama mbele ya wanawake waliozaa mara saba, mimi ambaye sikuwa nimezaa hata mara moja, nikawaeleza kwamba uchungu wa kuzaa ni suala la kupumua vizuri. Walinisikiliza kwa heshima kubwa sana. Baada ya mafunzo palikuwa na chai na mkate wa siagi.

Zamu yangu ilipofika, nilijiandaa kama mtu anayekwenda kufanya mtihani, na mitihani mimi sijawahi kuanguka. Mume wangu, ambaye alikuwa karani katika duka la vitambaa mjini, alinipeleka hospitali uchungu ulipoanza. Nilipumua. Nilipumua mchana, nikapumua usiku, nikapumua tena kulipokucha. Kama pumzi ingekuwa inazaa, ningetoka pale na watoto kumi. Na sikulia. Kwetu mwanamke anayelia akizaa husimuliwa mpaka mvi zimtoke, na kitabu changu cha Uingereza nacho kilikataza kelele. Ilikuwa mara ya kwanza kuona mila na diploma vikikubaliana jambo.

Mama mkwe wangu alikuja kwa miguu kutoka Riruta, chupa ya uji kwenye kiondo, ili asimame mlangoni mjukuu wake wa kwanza akifika. Mlinzi wa geti akamwambia saa za kuwaona wagonjwa zimepita. Mama mkwe akamjibu kwamba hakuja kumwona mgonjwa, amekuja kumpokea mtu. Mlinzi akafunga geti. Nayasema haya mapema kwa sababu geti hilo ndilo lililoniletea shida zaidi kuliko kisu.

Daktari alikuja, akanibonyeza, akasema mtoto amekwama na hatapita. Nikawekewa kitu usoni chenye harufu ya tunda bovu. Nilipoamka ulimi wangu ulikuwa mkavu kama kipande cha godoro.

"Msichana," sista akasema. "Ana sauti kuliko wewe."

Nikamshukuru, nikajaribu kuinuka nimtazame mtoto. Hapo ndipo nilipogundua kwamba tumbo langu lilikuwa limehamia kwa mwenyewe mwingine, na mwenyewe huyo hapendi wageni.

Maumivu yale hayafanani na mengine. Jino likiuma, huuma mahali pake na kuuacha mwili uendelee na shughuli zake. Lakini tumbo, sikujua kwamba ndilo linalofanya kila kitu. Kumbe mtu akinyoosha mkono kuchukua kikombe, ni tumbo. Akigeuza shingo kumwangalia anayepita, ni tumbo. Katika diploma yangu tulifundishwa viungo vyote vya mwili kwa picha za rangi, lakini hakuna aliyetuambia kwamba kucheka ni kazi ya mikono.

Hili la kucheka nilifundishwa na jirani yangu wa kitanda, muuzaji wa viazi vitamu sokoni Kawangware, ambaye naye alikuwa amepasuliwa. Mwanamke yule Mungu alimnyima kila kitu isipokuwa mdomo. Siku sista alipokuja kunisimamisha kwa mara ya kwanza, mambo yalikuwa hivi:

"Haya mama, simama."

"Nisimame na nini, sista?"

"Na miguu yako."

"Miguu ninayo. Hapa katikati ndipo hapana mtu."

Muuza viazi akaangua kicheko, kisha akajikumbatia tumbo akilia, "Uuwi! Mnyamazishe huyo! Mwenye diploma ataniua!" Nami kumwona analia na kucheka pamoja nikashindwa kujizuia, nikacheka, na kicheko kikanipita tumboni kama msumeno. Tukabaki hivyo, yeye ameng'ang'ania mto wake, mimi nimening'inia kwenye bega la sista, machozi yanatutoka wote wawili. Sista akasema watu wazima kama sisi tungeona haya. Kisha akanisukuma nitembee, nikatembea, nimekunjika kama kisu cha mfukoni. Nilifika mpaka dirishani na kurudi. Nimevuka bahari mara mbili maishani mwangu, na safari zote mbili zilikuwa fupi kuliko ile.

Nyuzi zilipotolewa, mume wangu alikuja kunichukua. Mwenye duka lake, Mhindi mmoja wa Parklands, alimwazima gari la kupelekea mizigo, na kwa ukarimu wake hakulipakua kwanza. Nilisafiri nimelazwa katikati ya majora ya kitambaa, mtoto kifuani, kama shehena ya Krismasi. Lami ilikuwa nzuri mpaka Kileleshwa. Tulipita karibu kabisa na ile nyumba niliyokuwa yaya, nami nilikuwa nimepanga kwa miaka mingi kwamba siku moja nitapita pale ndani ya gari na kuwapungia mkono watumishi waliobaki. Siku ilifika, gari likapita, na mkono haukuinuka. Baada ya hapo lami ikaisha. Kila shimo kutoka hapo hadi Riruta nalijua. Ningeweza kulichora.

"Pole," mume wangu akasema kutoka mbele. "Jaribu kutolifikiria."

Nilimwambia ninafikiria mambo mengine, mengi yakimhusu yeye.

Ilibidi nikae kwa mama mkwe. Mume wangu alikuwa na chumba kimoja mjini, na kwa sababu ya vibali vya kusafiri tulivyodaiwa Waafrika miaka ile hakuweza kuja na kurudi apendavyo, tulimwona Jumamosi. Mama mkwe alinipa kitanda chake mwenyewe na kunilisha kana kwamba nitapelekwa maonyesho ya mifugo. Asubuhi uji wa wimbi uliochachuka, mchana njahi na ndizi, jioni njahi bila ndizi. Njahi, kwa msiojua, ni maharagwe meusi ambayo kwetu ni chakula cha mzazi, na huongeza maziwa kweli. Huongeza pia upepo. Mwanamke mwenye tumbo zima huutoa upepo huo kwa siri na maisha huendelea. Mimi ulinizunguka ndani ukitafuta mlango, ukafika kwenye mshono, ukabisha hodi.

Alinifunga pia tumbo kwa kipande cha kitambaa cha marekani nilichopewa na yule Mhindi, akakaza mpaka nikaona nyota. Lakini alifunga juu ya nguo. Hakutaka kuona kilichokuwa chini yake. Nilipojaribu kumwonyesha mara ya kwanza aligeuza uso na kusema hayo ni mambo ya daktari.

Na wanawake hawakuja.

Hapa lazima nieleze. Kwetu mwanamke akizaa, yule aliyempokea mtoto hupiga vigelegele pale pale: vitano vya mvulana, vitatu vya msichana, na msiniulize viwili vya msichana huenda wapi. Walio karibu wakisikia hupokea, na walio mbali hupokea kutoka kwa walio karibu, mpaka ukingo mzima, yaani kilima chote tunachoishi, umejua. Halafu wanawake huja na mizigo ya kuni migongoni na vibuyu vya uji, kuni zikapangwa mlangoni kwa mzazi. Kila mke wa ukingo ule alikuwa amepangiwa. Alipangiwa hata yule aliyelala usingizi katika mafunzo yangu ya kupumua.

Lakini mwanangu alizaliwa mjini, mikononi mwa daktari mwanamume, na mwenye haki ya kupiga vigelegele alikuwa amefungiwa geti. Siku moja nilimsikia mama mkwe uani na jirani yake wa rika moja, mama mmoja mrefu ambaye shamba lake lilikuwa ng'ambo ya kijito.

"Mwenzangu, mke wa mwanao amezaa?"

"Ametoka hospitali."

"Kutoka hospitali hata mwenye malaria hutoka. Nauliza amezaa?"

"Mtoto si huyo hapo?"

"Mtoto namwona, ana afya. Nauliza nani alipiga vigelegele?"

"Walinifungia geti."

"Kwa hiyo havikupigwa."

"Havikupigwa."

"Sasa kuni tulete za nini?"

Wakashusha pumzi wote wawili kwa pamoja, kama watu wanaozungumzia mvua iliyokataa kunyesha. Hakuna aliyekuwa na ubaya. Hilo ndilo lililoniudhi. Mtu mwenye ubaya ningejua la kumjibu.

Mtaniuliza, mwenye diploma alitaka kuni za nini? Chumbani kwetu mjini nilikuwa na stovu ya mafuta ya taa iliyong'arishwa mpaka unajiona. Sikuhitaji hata kijiti. Nilizitaka. Nilizitaka kuliko nilivyoitaka ile diploma, kwa sababu diploma niliipata kwa kusoma, na kuni hazisomewi. Na kulikuwa na jambo lililonichoma zaidi. Mtoto alikuwa amepewa jina la mama mkwe, maana binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba, na bibi humwita mjukuu huyo kwa fahari kama mtu anayejiita mwenyewe. Mama mkwe wangu alimbeba, alimwogesha, alimwimbia. Lakini alimwita "mgeni."

"Mgeni amelala." "Mgeni ana njaa." Siku zikapita, mgeni akanenepa mashavu, na bado alikuwa mgeni.

Nikaamua kutumia elimu. Nikamweleza kwamba operesheni ni njia halali ya kuzaa, inayotambuliwa Uingereza na kwingineko.

"Nimesikia," akasema. "Kula njahi."

Ilikuwa Jumatano, katikati ya asubuhi, siku za palizi. Wanawake walikuwa mashambani ng'ambo ya kijito, migongo imeinama, majembe yanasikika. Mama mkwe alikuwa anachochea moto akasukuma ndani tawi bichi la kufaa kuni mwakani. Moshi ukanijia kitandani wima wima. Sasa, kikohozi nilikuwa nimejifunza kukituliza kwa kukohoa vidogo vidogo kama panya. Kucheka nilikwepa kwa kumfikiria mlinzi wa geti. Lakini chafya haina dawa ila mto wa kukumbatia, na mto wangu alikuwa ameulalia mtoto.

Nilipiga chafya ya kwanza. Ya pili ikafuata kabla ya kwanza kuisha kuuma. Ya tatu ikanikuta nimejikunja, na nikasikia kitu kikivutika huko chini, na maji ya moto yakinitiririka tumboni. Nikajua mshono umefunguka. Nikajua nitakufa Riruta na diploma yangu. Basi nikalia. Kilio chote nilichokizuia hospitalini, chote nilichokizuia kwenye mashimo ya barabara, kilitoka kwa mkupuo mmoja, kirefu, na kuku wakaruka juu ya paa.

Mama mkwe alikuwa amenifikia sijamaliza. "Wapi? Wapi?" Akafungua marekani, akafungua nguo, mara hii hakugeuza uso. Majimaji yalikuwa maziwa yangu mwenyewe, njahi zilikuwa zimefanya kazi yake. Mshono ulikuwa umeshika. Lakini sasa alikuwa ameuona. Ulitoka kitovuni ukashuka moja kwa moja, mwekundu, una alama za nyuzi huku na huku.

Aliutazama muda mrefu. Kila mavuno alishona magunia kwa sindano kubwa na uzi wa katani, kwa hiyo kazi ile aliijua.

"Wamekushona kama gunia la mahindi," akasema taratibu.

"Ndiyo, mama."

"Na mtoto alitoka hapa. Hapa pote."

"Hapo pote."

"Na ulinyamaza?"

"Wakati ule nilikuwa nimelazwa kwa dawa, mama."

"Baadaye, nasema. Siku hizi zote. Kila ukiinuka hapa kitandani."

"Nilinyamaza."

"Wewe ni mjinga na shule zako," akasema, na sauti yake ilikuwa imelegea. "Mimi nilipomzaa mume wako nililia mpaka ng'ombe wa jirani wakakata kamba. Nani alikuambia unyamaze?"

Sikumtajia kitabu.

Huko nje majembe yalikuwa yamenyamaza. Kilikuwa kimya cha watu waliosimama wima kusikiliza. Kisha sauti ya yule mama mrefu ikavuka kijito:

"Mwenzangu ee! Tumesikia! Amezaa?"

Mama mkwe alinifunika shuka. Akasimama mlangoni, amenipa mgongo, mkono mmoja kwenye mwimo. Alikuwa mtu wa kanisa na hakusema uongo hata kuhusu bei ya viazi. Akanigeukia akaniangalia, akamwangalia mtoto, akarudisha uso nje. Akavuta pumzi, pumzi nzuri kweli, ningeweza kuitumia darasani.

Akapiga kigelegele. Kikaenda mbali, kikarudi. Akapiga cha pili. Kwa cha tatu sauti ilimkatika katikati, akakimalizia kwa nguvu. Ng'ambo wakavipokea, shamba kwa shamba, na wa juu zaidi wakapokea kutoka kwa hao, mpaka nikasikia vikififia upande wa Kawangware, labda vikamfikia muuza viazi wangu.

Walikuja mchana ule ule, matope ya shamba bado miguuni, wameinamia mizigo ya kuni. Zilitupwa mlangoni moja baada ya nyingine, na kila mzigo ukianguka nyumba ilitikisika na mshono wangu ukajibu. Sijawahi kuumia kwa furaha namna ile. Yule mama mrefu aliingia na vibuyu viwili vya uji.

"Mke wetu, hongera. Yuko wapi?"

"Huyu hapa."

"Huyu namjua. Nauliza yule wa leo."

Nikamtazama mama mkwe. Mama mkwe alikuwa ameshughulika sana na sufuria.

"Wa leo yupi, mama?"

"Si umelia leo? Tumekusikia sote. Tukasema, hao madaktari kumbe walitoa mmoja na kumsahau mwenzake ndani. Ndiyo maana nimeleta vibuyu viwili."

"Hospitali za mjini!" mwingine akasema. "Wana haraka. Wanatoa wa juu tu."

"Ni huyo huyo mmoja," mama mkwe akasema bila kugeuka. "Alianza kuzaliwa kule, amemalizikia hapa. Shule ndefu, uchungu mrefu."

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Nami nilicheka. Nilimnyakua mtoto kutoka kwenye mto, nikampokeza aliyekuwa karibu, nikaukumbatia mto kwa mikono yote miwili na kucheka huku nalia, nikiwaomba wanihurumie, nao ndipo wakazidi. Uji wa vibuyu vyote viwili niliunywa. Hata ule wa mtoto wa pili singeuacha.

Mtoto alipitishwa mikononi mwao mpaka akamfikia mama mkwe. Alimpokea, akamtemea mate kidogo kifuani ya kumbariki, kama wazee wetu wanavyofanya, nami mwalimu wa usafi nikatazama dari. Halafu akamwita kwa jina. Jina lake mwenyewe. Alilisema mbele ya watu wote, mara mbili, kama mtu anayejaribu kiatu kipya na kuona kinamtosha.

Jumamosi mume wangu alifika kutoka mjini na mkate kwapani, akasimama uani akishangaa kuni zilizofika karibu na paa.

"Mama, hizi ni za nini?"

"Mke wako amezaa," mama mkwe akamwambia.

"Amezaa lini?"

"Jumatano."

Akanitazama mimi, akamtazama mtoto mnene aliyekuwa ananyonya, akanitazama tena akisubiri mtu aliyesoma amweleze.

"Jumatano," nikamwambia. "Wakati wa palizi. Na zungumza taratibu, usinichekeshe."